Mbwa Aliyelishwa Pilipili

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa zizi, na zizi lina mlinzi!

Haya, sogeeni motoni. Wewe unayepiga miayo, hamia huku mbele nikuone.

Hapo zamani za kale paliondokea mtu aitwaye Mwandoe na mkewe Mghoi. Walikuwa na watoto, na walikuwa na mbuzi. Mbuzi hao ndio waliokuwa maziwa yao, nguo zao na heshima yao. Fisi alipoanza kupitapita bondeni, Mwandoe akavuka vilima kutafuta mlinzi, akarudi na mbwa. Lo, mbwa gani huyo! Kifua kipana, kichwa kama chungu, miguu kama michi. Wakamwita Ngurumo.

Lakini Ngurumo alikuwa mpole. Kuku walimpanda mgongoni, naye akapepesa macho tu. Mwandoe akaona aibu. Majirani wakamwambia, "Mbwa wa ulinzi hachekewi. Mlishe pilipili awe mkali."

Basi Mwandoe akamfunga kamba nyuma ya nyumba, akamtwangia pilipili kwenye ugali.

"Baba watoto," akasema Mghoi, "mbona mwenzako anatoka machozi?"

"Huo ndio ukali unaingia," akajibu.

Mnacheka? Hata leo watu wa namna hiyo wapo.

Jua likizama, Fisi akaja. Akasimama karibu na boma, akaimba kwa sauti ya puani:

"Ngurumo, Ngurumo, umekula nini?"

"Pilipili."

"Umelala wapi?"

"Kambani."

"Nani amekukuna masikio leo?"

"Hakuna."

"Basi unalinda cha nani?"

Ngurumo akaruka kumfuata. Akabweka na kubweka, lakini kamba ilikuwa fupi. Fisi akaingia zizini, akabeba mwanambuzi, akaenda zake.

"Pilipili haikutosha!" akasema Mwandoe. Akakamata nyigu, akawasaga, akachanganya na pilipili.

Sasa Ngurumo akawa mkali kweli. Akabwekea majani. Akabwekea kivuli chake. Mama mkwe alikuja kuwasalimu, akarudi kwao na nusu ya kanga. Kelele zilizidi hata wenye nyumba wakaziba masikio, wasijali tena anabweka nini.

Fisi akaja mara ya pili.

"Ngurumo, Ngurumo, umekula nini?"

"Pilipili na nyigu."

"Umelala wapi?"

"Kambani."

"Nani amekukuna masikio leo?"

"Hakuna."

"Basi unalinda cha nani?"

Ngurumo akabweka mpaka sauti ikakauka. Nani atoke? Hakuna aliyetoka. Fisi akabeba beberu mzima.

Mwandoe akalia kwa hasira. "Mbwa huyu nampeleka msituni kesho. Akaliwe huko!"

Mghoi akasimama mlangoni. "Hatoki mtu hapa na mbwa. Niachie mimi mpaka mwezi uandame. Nikishindwa, utupeleke wote wawili."

Akamwaga kile chakula. Akamfungua kamba. Akamtoa kupe masikioni, mmoja mmoja, huku akimsemesha. Akamwekea maji kivulini, akampa uji na mifupa. Halafu akamtembeza zizini akamnusisha kila mbuzi: "Huyu wetu. Huyu wetu. Na huyu wetu." Watoto akawaonyesha kumkuna. Mgeni akija, Mghoi aliuweka mkono wa mgeni ndani ya mkono wake, Ngurumo akainusa mikono yote miwili ndipo mgeni akapita. Hata mama mkwe alipita, ingawa kanga aliishikilia kwa nguvu.

Ngurumo akatulia. Akawa habweki ovyo. Mwandoe akanung'unika, "Sasa umemharibu kabisa."

Mwezi ukaandama. Fisi akaja mara ya tatu, mate yanamchuruzika.

"Ngurumo, Ngurumo, umekula nini?"

"Uji na mifupa."

"Umelala wapi?"

"Mlangoni mwa zizi."

Fisi akameza mate. "Nani... nani amekukuna masikio leo?"

"Wote."

"Basi unalinda cha nani?"

Ngurumo akainuka, polepole, akajaza mlango wote.

"Changu."

Akabweka mara moja tu. Nyumba nzima ikatoka mbio na vijinga vya moto, Mwandoe mbele, kwa sababu walijua mbwa huyu habweki bure. Fisi alikimbia akaacha manyoya ya mkia kwenye miiba, na bonde lile hakulikanyaga tena.

Mwandoe akachuchumaa kando ya mbwa. Alikuwa hajawahi kumgusa ila kwa fimbo. Akanyoosha mkono. Ngurumo akaunusa, akaunusa tena, kisha akaweka kichwa chake kizito juu ya goti la Mwandoe. Mtu mzima akalia, na mkewe akamwacha alie.

Basi, anayefuga mbwa mkubwa asimtafutie ukali, anao tangu kuzaliwa. Ampe chakula, kazi, na watu wa kuwapenda.

Ngano yangu nimeifungia zizini, anayeitaka akabishe hodi. Mimi mwenyewe nilipita kule, Ngurumo akaninusa mkono, akaniruhusu. Nikaomba na uji wake kidogo. Hapo ndipo nilipojifunza kupanda miti.