Nguchiro na Utafiti wa Mzizi Mchungu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kaondokea nani?"

"Kaondokea mdogo wa mwili, asiyekaliwa kichwani!"

Mlimani palikuwa na mti mfupi, mzizi wake mchungu kama nyongo. Mnyama akishikwa na homa, Nguchiro humchimbia, humtwangia, humnywesha. Kesho yake huyo, amesimama.

Akatokea Kiboko, katoka masomoni ng'ambo ya ziwa, tumbo mbele, miwani puani. Akaliambia Baraza la Wanyama:

"Mzizi huo haujathibitishwa. Nikiuthibitisha, mlima uwe wangu. Nitauzungushia ua wa miiba, na mwenye homa aje kwangu kwa magoti."

Baraza likakubali, kwani Kiboko alikuwa amesema kwa sauti kubwa.

Nguchiro akasogea mbele ya Kiboko. Masika yalikuwa karibu, na homa ya masika huanza na watoto. Wanawe walikuwa saba.

"Mzee wangu, utauthibitishaje?"

"Kitaalamu, kijana! Wagonjwa ishirini. Kumi wapewe unga wa mzizi, kumi unga wa muhogo. Wa mzizi wakipona, wa muhogo wasipone, mlima wangu. Na kanuni yasema: mimi nipimaye nisijue nani kapewa nini."

"Ajue nani?"

Kiboko akaitazama miguu yake, minene kama magogo, isiyoshika mchi. "Atakayetwanga. Wewe."

"Kanuni tukufu hiyo, mzee," akasema Nguchiro, akainama.

Akatwanga mzizi, twa! twa! twa! akajaza kibuyu cha kwanza. Akatwanga mzizi, twa! twa! twa! akajaza kibuyu cha pili. Muhogo wanawe wakauchemsha, wakaula. Naye akiimba kwa sauti ya chini:

*Ewe mchi wa kinuni, twanga, utufae sote,*
*Mwenye pupa mlimani, mzizi asiupate.*

Kiboko akaonja vibuyu vyote viwili. "Ptu! Mbona na muhogo mchungu?"

"Nimeutia uchungu, mzee, wagonjwa wasiutambue kwa ulimi."

"Ala! Hapo umenizidi. Litaandikwa katika taratibu."

Siku ya tatu Kiboko akapima. Kumi wa kibuyu cha kwanza, wazima. Kumi wa kibuyu cha pili, wazima, wanacheza ngoma.

"Tofauti iko wapi?" likauliza Baraza.

Kiboko akafuta miwani, akafuta tena. "Kitaalamu... hakuna."

"Basi mzizi si dawa?"

"Si dawa."

"Na ua?"

"Nani azungushie miiba kisicho dawa? Muhogo nao umeponya, tena hushibisha: nipeni shamba la muhogo!"

Akapewa, akalizungushia ua. Masika yakaja na homa yake. Wana wa Nguchiro wakanywa, wakakunja nyuso, wakapona wote saba. Kiboko akatafuna muhogo siku tisa, akitetemeka te-te-te.

"Mzee, nikuletee mzizi kidogo?"

"Niondokee! Huo nimekwisha kuuchunguza mwenyewe."

Ngano yangu imefika kikomo. La kweli chukueni, la uongo nirudishieni. Na funzo lake ni hili, enyi wasikivu: dawa iponyayo kila mtu haifai kitu. Tafuteni iliyoponya nusu.