Zimwi la Masanduku ya Bi Mize

Ngano inabisha hodi. Mwenye masikio aifungulie.

Alikuwako Bi Mize, mwanamke wa makamo. Chumba chake cha pili kilijaa masanduku ya doti za kanga ambazo hakuwa amezikata, akiziwekea siku njema. Humo lilikaa zimwi, likinenepa kwa kila doti iliyongoja.

Binti yake, Subira, alikuwa anarudi kujifungulia kwa mama, kama ilivyo ada, na hapakuwa na pa kuweka kitanda. Bi Mize hakutulia. Akatoa doti, sanduku likalia, "Itakufaa kesho!" Akairudisha. Akatoa nyingine. "Itakufaa kesho!" Akairudisha. Na ya tatu vivyo hivyo.

Subira akaingia, uchungu umemshika. "Mama, nilale wapi?"

"Kesho, mwanangu!" likajibu zimwi.

Bi Mize akashika mkasi. Doti ya kwanza akamfunga binti, ya pili akatandika, ya tatu akampokelea mjukuu. Zilizobaki akawagawia majirani waliokuja kusaidia, na masanduku yakatoka. Zimwi likanywea, likawa kama panya.

"Na mimi, Bi Mize, nikae wapi?"

"Njoo kesho," akasema, akalifagilia nje.

Mkasi umelala, ngano nayo ilale.