Mawe Manne ya Mheshimiwa

Mheshimiwa Butondo alikuwa ameshinda chaguzi nne, na kila alipoomba kura aliweka jiwe la msingi: la shule, la zahanati, la soko, la maji. Akishaapishwa, jiwe lilibaki peke yake, likimezwa na majani.

Uchaguzi wa tano ulipokaribia, alimwendea Sengondo, fundi wa kuchonga mawe.

"Nichongee jiwe la msingi la daraja la kijitoni. Bure, kabla ya Jumamosi. Ukikataa, kibanda chako nakivunja."

Sengondo aliinama. "Jiwe tu, mheshimiwa? Mimi nitakupa daraja zima, mradi uniruhusu kutumia mawe uliyokwisha kuyaweka."

Butondo alicheka mpaka kitambi kikatikisika, akaandika ruhusa papo hapo. "Lakini jina langu lionekane, fundi. Ling'ae!"

"Litang'aa, mheshimiwa."

Jumamosi wapiga kura walijaa ng'ambo ya kijito. Butondo alifika na ngoma mbele, mara akasimama. Mawe yake manne yalikuwa yamepangwa majini, jina lake juu ya kila moja, yanang'aa kama kioo.

"Karibu uvuke," alisema Sengondo. "Ndilo daraja lako."

Kurudi nyuma ilikuwa aibu. Butondo alipandisha suruali, akakanyaga jina lake kwenye jiwe la kwanza.

"Shule!" umati ukapaza sauti. Akaruka. "Zahanati!" Akaruka tena. "Soko!"

Likabaki jiwe la maji, ambalo Sengondo alikuwa amelipaka mafuta mara mbili. Butondo akateleza, chubwi!

Sengondo alivua kofia.

"Pigeni makofi, jamani! Mradi wa maji umezinduliwa."