Wana wa Kuhe Sebuleni kwa Bi Mauwa

"Kabla hujamchukua mwana wa kuhe, kamwone mamaye."

Ndivyo alivyosema mjomba wenu alipopita hapa akawakuta mnapanda mche wa mvule karibu kabisa na ukuta wa nyumba. Amesema, amecheka, amekwenda zake, na nyinyi mmebaki mnatazamana. Kuhe ni samaki mnayemla kila wiki, lakini maneno yale hamkuyaelewa. Basi wekeni jembe chini mnisikilize. Ziko methali ambazo hakuna ajuaye nani alizitamka kwanza. Hii si mojawapo. Aliyeitamka nilimjua, na siku alipoitamka nilikuwa nimeketi naye ndani ya mtumbwi mmoja. Asili yake ni hii.

Nilipokuwa nikikaa Ujiji, ukuta wangu ulipakana na wa Bwana Hilali Ulimwengu, fundi wa injini za meli aliyekuwa amestaafu. Mkewe aliitwa Bi Mauwa. Huyo mama alizaliwa kwenye kijiji cha wavuvi, kusini huko, na ziwa alilipenda kama mtu anavyompenda ndugu yake. Hata akiwa hana cha kufua wala cha kununua, alishuka ufukweni, akakaa juu ya jiwe, akatazama maji, akarudi kupika.

Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalala. Ulimi ulirudi baada ya muda, nao ulirudi mkali vilevile, lakini mguu haukurudi. Akawa mtu wa kiti, kutoka kitandani hadi sebuleni, na dirisha la sebule lile lilitazama ukuta wa choo cha jirani. Hakulalamika. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulimuumiza mumewe kuliko malalamiko.

Siku moja Bwana Hilali akaniambia, "Jirani, yeye hawezi kwenda ziwani. Basi mimi nitalileta ziwa hapa."

Akaagiza vioo, akavigandisha kwa mikono yake, akatengeneza tangi la samaki. Halikuwa kubwa wala halikuwa dogo. Urefu wake ulikuwa kama wa kochi la watu watatu, maana sebule haikuruhusu zaidi. Akatandika mchanga wa ziwa, akapanga mawe, akafunga pampu ya kupuliza hewa, akalijaza maji. Maji yalipotulia na mwanga ukapita ndani yake, Bi Mauwa alitabasamu upande mmoja wa uso, upande uliobaki na nguvu.

"Sasa samaki," akasema mumewe. "Unataka wa namna gani?"

"Wakubwa," Bi Mauwa akajibu. "Usiniletee vidagaa vya kuhesabu. Niletee samaki ambaye nikimtazama, naye ananitazama."

Bwana Hilali akaenda kwa Kabwe, kijana mzamiaji aliyekuwa akikamata samaki wa mapambo wa kuuzwa nchi za mbali. Yeye alikuwa na madimbwi ya saruji yaliyojaa samaki wa kila rangi. Bwana Hilali akapita akichagua. Akamkataa kambare, kwa kuwa aliwahi kusikia kuwa kambare husukuma kifuniko usiku akaonekana asubuhi chini ya meza. Akamkataa na mwana wa sangala, maana huyo alikwenda mbio toka ukuta hadi ukuta kama mwehu. Kisha akaona wawili, urefu wa kidole, rangi ya njano kama limau lililoiva, na mabaka meusi ubavuni. Walikuwa wakitembea pamoja, mmoja akigeuka na mwenzake anageuka.

"Hao ni wana wa kuhe," Kabwe akamwambia. "Kuhe unamjua, mzee?"

Bwana Hilali akacheka. "Kijana, kuhe nimemla tangu sijaota meno."

Na kweli alimla. Lakini wanangu, kuhe aliyemjua ni yule wa vipande, wa kwenye sinia na ndimu. Mzima, ndani ya maji yake, hakuwahi kumwona hata siku moja. Akawachukua wale wawili pamoja na samaki wengine wadogo wa mawe, akaondoka na furaha yake.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa ya raha. Bi Mauwa aliwalisha mwenyewe, dagaa wabichi waliokatwakatwa, kwa mkono wake wa kulia. Waliijua sauti ya kiti chake. Kikigongwa tu sakafuni, wanakuja kiooni na kusimama mbele ya uso wake, midomo ikifunguka na kufumba kana kwamba wana neno. Alizungumza nao. Watoto wa mtaa walikuja kuwatazama, na nyumba iliyokuwa kimya ikawa na watu.

Kisha wale samaki wadogo wa mawe wakaanza kupungua. Hakuna aliyeona wanakokwenda, lakini kuhe walikuwa wakinenepa. Mwisho wakabaki wao wawili tu. Wakafika urefu wa kiganja, wakafika urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko, na bado walikuwa watoto. Bwana Hilali akatoa jiwe moja ili wapate nafasi, akatoa la pili, akatoa yote. Ikawa samaki akitaka kugeuka, hukunja mwili kama mtu anayegeuka na gunia kwenye ujia. Yule mkubwa alikuwa na kidonda mdomoni kwa kugonga kioo.

Nilimwambia Bwana Hilali, "Jirani, hawa wamekua." Akanijibu, "Wataacha kukua. Samaki hukua kwa kadiri ya chombo." Alilisema kama mtu anayeomba liwe kweli.

Siku iliyovunja mambo ilikuwa siku ya joto kali, wakati wa adhuhuri. Bwana Hilali alikuwa amekwenda sokoni Kigoma, na umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Nilikuwa uani kwangu naanika mihogo, nikasikia kiti kinagongwa sakafuni kwa nguvu, tena na tena. Nikakimbia.

Nilimkuta Bi Mauwa amejiburura hadi kwenye tangi. Kuhe wote wawili walikuwa juu ya maji, wanahema, mashavu yamefunguka mekundu. Yeye alikuwa na kikombe cha chai katika mkono wake mzima. Alichota maji, akanyanyua juu kadiri alivyoweza, akayamwaga yarudi yakiwa na povu la hewa. Akachota tena. Jasho lilimtiririka. Nikashika sufuria nikamsaidia. Tulichota na kumwaga, kuchota na kumwaga, hadi sakafu ikawa bwawa. Yule mkubwa alikuwa amelala ubavu, na jicho lake moja lilikuwa likimtazama mama yule bila kupepesa.

Umeme ulirudi alasiri. Bwana Hilali alipoingia alitukuta tumeketi majini, mimi na mkewe, kama watoto.

Bi Mauwa akamwambia, "Bwana wangu, hawa warudi kwao."

"Nitajenga tangi lingine. Kubwa zaidi."

"Utaliweka wapi? Utavunja chumba cha kulala?"

"Nitavunja."

"Na wakikua tena?"

Bwana Hilali akakaa juu ya mkono wa kochi. Nilimwona macho yamejaa. "Mauwa, wakiondoka hawa utabaki unatazama nini? Nilikuahidi ziwa. Siwezi kukuona tena ukitazama ukuta."

Bi Mauwa akasema taratibu, "Ahadi umeitimiza, na mimi nashukuru, wallahi nashukuru. Lakini nani alikuambia siwezi kwenda ziwani? Mguu ndio umekufa. Mimi nabebeka."

Mume akamtazama mkewe kana kwamba amesikia habari ya mbali. Katika muda wote ule hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Sisi sote tulimwonea huruma, tukamfungia ndani pamoja na huruma yetu.

Kesho yake asubuhi Kabwe alileta pipa kubwa la plastiki na vijana wawili wenye nguvu. Kuhe wakatiwa ndani ya pipa, na Bi Mauwa akabebwa juu ya kiti chake mpaka ufukweni. Wapita njia walisimama. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua alimpigia kigelegele. Tukapanda mtumbwi wa Kabwe, wenye injini, tukazunguka mwamba hadi kwenye ghuba moja isiyo na nyumba. Hapo akazima injini, akatuambia tuiname tutazame chini.

Wanangu, mimi nimezaliwa kando ya ziwa hili na nilidhani nalijua. Maji yalikuwa maangavu hata kivuli cha mtumbwi tulikiona kikisimama juu ya mchanga, chini sana. Na juu ya mchanga ule palikuwa na kitu kama moshi. Moshi uliokuwa ukienda pamoja, ukigeuka pamoja. Nilipokazia macho nikaona ni vitoto vya samaki, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kama punje ya mchele. Na pembeni ya moshi ule, upande huu na upande ule, walisimama kuhe wawili.

Subhanallah! Hao wawili wakipangwa wangejaza urefu wote wa tangi la Bwana Hilali, kichwa cha mmoja kwenye kioo hiki na mkia wa mwenzake kwenye kioo kile. Rangi yao ilikuwa ya dhahabu iliyochakaa. Walikuwa wamekonda, mifupa ya kichwa ilionekana. Hawakwenda popote. Walipepea mapezi tu, wakazunguka, wakazunguka. Samaki mmoja mwenye tamaa akajitokeza kwenye majabali, na yule dume akamwendea kama mshale. Maji yakatikisika hadi tulipo. Akarudi, akasimama mahali pake.

Kabwe akaangusha dagaa mmoja. Dagaa akashuka polepole mbele ya mdomo wa mama wa vitoto vile. Mama alimtazama akipita, akamwacha aanguke mchangani.

"Hawali," Kabwe akanong'ona. "Tangu walipotaga hawajala, na hawatakula mpaka watoto wawe wakubwa. Wengi hufa baada ya hapo. Hii ndiyo kazi yao ya mwisho."

Bwana Hilali, mtu aliyemla kuhe tangu utotoni, alivua kofia yake akaishika kifuani. Bi Mauwa alikuwa ameegemea ukingo wa mtumbwi, machozi yakimdondokea ziwani, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bibi harusi.

Tukasogea mbali kidogo na familia ile, tukalaza pipa ubavuni mwa mtumbwi. Wa kwanza akatoka, akaenda mbele urefu wa tangi, urefu uleule, akageuka. Akarudi urefu uleule, akageuka tena. Kioo hakikuwepo, lakini yeye alikuwa bado anakiona. Bwana Hilali alitoa sauti kama mtu aliyechomwa na mwiba. Ndipo wa pili akatoka, akampita mwenzake, akanyooka moja kwa moja kuelekea kilindini bila kusimama. Yule wa kwanza akasita. Kisha akamfuata. Tuliwaona wakiwa wadogo, wakawa wa buluu, wakawa maji.

Tulipokuwa tukirudi, Bwana Hilali akamuuliza mkewe, kwa sauti ya kujipendekeza kidogo, "Nikuchagulie wengine?"

Bi Mauwa akajipangusa uso. "Nichagulie," akasema. "Tangi ni zuri, na wewe umelijenga kwa mapenzi. Lakini safari hii, bwana wangu, kabla hujamchukua mwana wa kuhe, kamwone mamaye."

Kabwe alicheka hadi akapoteza mwelekeo wa mtumbwi, na jioni ile maneno yalishafika sokoni. Tangi likapata samaki wa majabalini wasiozidi urefu wa kidole hata wakizeeka, nao walistawi. Bi Mauwa akawa akibebwa kwenda ziwani kila Ijumaa mpaka Mungu alipomchukua, na siku ya mazishi yake vijana waliombeba ni walewale.

Tangu hapo mtu wa Ujiji akikuona unakumbatia kitu kwa kuwa leo ni kidogo na kizuri, na hujauliza kesho kitakuwa nini wala kitadai nini kutoka kwako, hatakuhutubia. Atakuambia tu: kabla hujamchukua mwana wa kuhe, kamwone mamaye.