Ukuta wa Mama Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Na ninyi wa kule nyuma, mbona midomo imefungwa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikubaliana kujenga nyumba kubwa ya watoto. Masika yakija, watoto wasinyeshewe. Jambo jema, sivyo? Ngojeni.

Msimamizi alikuwa Nyani. Nyani alikuwa amechungulia kijijini kwa watu, akaona tanuri la matofali likiwaka. Akarudi kifua mbele.

"Udongo mbichi ni wa maskini," akasema. "Sisi tutachoma matofali. Ngiri, chimba udongo, ujenge tanuri. Mama Tembo, angusha miti."

Mama Tembo akasukuma. Kra-kra-kra, puu! Mti wa kwanza ukaingia tanurini. Kra-kra-kra, puu! Wa pili. Kra-kra-kra, puu! Wa tatu, na humo Bi Komba alikuwa amelaza watoto wake pacha. Akatoka mbio, mmoja mgongoni, mmoja mdomoni.

"Nyani, nitalala wapi na wanangu?"

"Vumilia, dada. Tunawajengea watoto."

Mnasikia? Wanawajengea watoto, na watoto wanalala nje!

Moshi ukajaa bondeni. Watoto wakakohoa, koho, koho. Mti wa nne. Wa tano. Wa sita. Wa saba ulikuwa mninga mnene, na ndani ya tundu lake alikaa Mama Hondohondo.

Mnajua hondohondo anavyolea? Huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki mwanya mdogo wa kupitishia chakula. Humo hutaga, humo huatamia, humo hunyonyoka manyoya ya mbawa. Hawezi kuruka mpaka yaote tena. Baba ndiye anayeleta matunda.

Baba Hondohondo akatua mbele ya Nyani. "Mzee, nakuomba. Mke wangu yumo humo na watoto wawili. Mwezi mmoja tu."

"Mwezi! Mvua itatungoja? Atoke!"

Sauti ikatoka kwenye ule mwanya, kali kama pilipili. "Nitoke na mbawa zipi, wewe Nyani? Nimenyonyoka! Mnamaliza miti ili udongo uwe mgumu? Tazama ukuta wangu. Ni udongo wa bonde hilihili, na haukuona hata kijinga kimoja cha moto!"

Nyani akacheka. "Huo si ukuta. Ni tope limeganda."

Lakini Mama Tembo alikuwa amesikia vifaranga wakilia. Akarudisha mkonga wake nyuma.

"Sikuambiwa kuna watoto ndani," akasema. "Vunja hilo tope mwenyewe, Nyani. Likivunjika, nitausukuma mti. Lisipovunjika, usiniite tena."

Baba Hondohondo akafumba macho.

Nyani akapiga ngumi. Pu! Ukuta kimya. Pu! Kimya. Akaokota jiwe. Ko! Ko! Jiwe likamponyoka, likamwangukia kidoleni. "Aaii!"

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. "Tope limekushinda, bosi!"

Tanuri likazimwa. Siku hiyohiyo Ngiri akafinyanga matofali mabichi, akayaanika juani. Jioni yote yalikuwa na nyufa.

"Nilisema mimi!" Nyani akadakia.

"Mliuvundika udongo siku ngapi?" Mama Hondohondo akauliza kutoka ndani.

"Tumeuchimba leo asubuhi," Ngiri akajibu.

"Leo! Hata unga wa maandazi huachwa uumuke! Katakateni nyasi kavu. Tieni kinyesi cha nyati. Kanyageni, mkanyage tena. Funikeni siku tatu. Kisha anikeni kivulini, si juani. Msingi uwe wa mawe, na paa la nyasi lipite ukuta kwa mbali. Na wewe Nyani, mwenye mdomo, miguu yako ndiyo ikanyage!"

Nyani akakanyaga. Pwacha, pwacha, pwacha.

Masika yakashuka. Tanuri la Nyani likamomonyoka. Nyumba ikasimama. Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Komba na pacha wake.

Mwezi ulipotimia, Mama Hondohondo akagonga ukuta wake mwenyewe. Ko, ko, ko. Ukaanguka kipande kwa kipande, maana alijua alipouanzia. Akatoka na watoto wake wawili. Nyani akamkimbilia na kichane cha ndizi.

"Tunakushukuru sana, mama."

Mama Hondohondo hakuzigusa. Akatazama visiki sita.

"Shukrani hizo sizitaki. Nyumba ya watoto ilikuwa chini ya miguu yenu tangu siku ya kwanza, mkaenda kuwavunjia zao. Chimba mashimo sita, Nyani, upande miti. Mimi nimekaa hapa, nakuangalia."

Nyani akachimba. La kwanza. La pili. Alipofika la tatu, penye kisiki cha Bi Komba, hakuinua uso. Akaendelea mpaka la sita.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: kabla hujakata na kuchoma, tazama udongo unaoukanyaga, kisha muulize anayejua kuutumia. Na usiseme unawajengea watoto huku unawavunjia makao.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye shimo la sita. Mwenye jembe na alishike.