Mteja Mmoja, Mleta Mmoja

Hapo zamani. Na zamani yenyewe msiifikirie ya wafalme na majini. Ni zamani ya simu za mkononi, na wote waliokuwemo bado wako hai, wanakula wali. Lakini kwa mtu mwenye wasiwasi hata juma moja ni zamani. Basi hapo zamani, Wete, kisiwani Pemba, palikuwa na mwanamke kijana akiitwa Mize Kombo, na kazi yake ilikuwa kusaga singo.

Asiyeijua singo akamuulize bibi yake. Haya, nitamsaidia: ni maua ya asumini, mawaridi na mkadi, na mti unukiao wa liwa, vinasagwa juu ya jiwe, halafu mwari anasuguliwa nayo siku zile anazowekwa ndani kabla ya harusi, hata akitoka, harufu inamtangulia mlangoni. Singo aliyosaga Mize ilikuwa ya mama yake, Bi Raya. Mikono ya Bi Raya ilikuwa imemshinda, vidole vimekaza, akabaki kukaa mkekani na kunusa. Akinusa akanyamaza, ujue iko sawa.

Jiwe lilikaa chumba cha mbele, na chumba hicho ndicho kilichotakiwa. Hamad, kaka yake Mize, alikuwa fundi wa simu, anafanya kazi kwenye mabaraza ya watu, leo anahamishwa hapa, kesho pale. Hakuwa mtu mbaya, Hamad. Alisema, "Mize, nakupa mpaka Ramadhani. Singo ikipata mnunuzi wa kueleweka, chumba chako, sikigusi. Ikikosa, naleta makabati yangu, jiwe liende uani."

Uani kuna mvua, uani kuna kuku, na singo ikiingia maji ya mvua inachacha. Jiwe kwenda uani maana yake singo ya Bi Raya imekwisha. Bi Raya aliyasikia maneno hayo yote, akaendelea kunusa. Mize alitamani angalau mama yake apige kelele.

Harusi hujazana kabla ya Ramadhani, kisha kimya. Siku zilikuwa zinakimbia. Mize akawaza: siku hizi watu hawasikii jambo mpaka walisikie kwa mtu mwenye wafuasi. Basi na mimi niwaandikie hao wenye wafuasi.

"Kizuri chajiuza," alisema Bi Raya.

"Mama, siku hizi hata kizuri chajitembeza."

Lakini mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Mize ulikuwa mtupu kwelikweli. Watu wale hulipwa kwanza ndipo wafungue kinywa. Akaandika, akafuta, akaandika, akafuta, mpaka chai ikapoa na nzi akaingia ndani yake. Mwisho ujumbe ukawa hivi:

"Assalamu alaykum. Mimi Mize wa Wete, nasaga singo ya mama yangu. Sina cha kutanguliza, ninacho cha kugawana. Mteja utakayemleta ni wako, kila akinunua nawe una fungu lako, maadamu ananunua. Na mteja mmoja ana mleta mmoja, kama mwari ana somo mmoja."

Neno hilo la mwisho ndilo aliloliona la busara kuliko yote. Kwao, mwari hufundwa na somo mmoja tu, mwanamke wa kumfunza mambo ya ndoa. Wakiingia wawili chumba kimoja, harusi hugeuka vita. Mize aliliandika ili kuzuia ugomvi. Ala! Mdomo huponza kichwa, na vidole navyo siku hizi vimejifunza.

Wa kwanza kumpelekea alikuwa Salhina wa Unguja, mpambaji wa maharusi, ambaye wafuasi wake ukiwaita Wete hawapati pa kukaa. Assalamu alaykum, mimi Mize wa Wete, sina cha kutanguliza, ninacho cha kugawana. Ujumbe ukasomwa. Jibu hakuna. Mize akaifudikiza simu, akaenda kusaga, akarudi, akaifunua. Hakuna. Labda nimemuudhi. Labda kaona namzoea. Labda hata salamu nimeikosea. Akaisoma tena salamu yake mwenyewe kama anachambua mchele wenye mawe.

Wasiwasi ukamsukuma kwa wa pili: Faki Kauzu, mchekeshaji wa Chake Chake. Mwanamume! Singo na mwanamume wapi na wapi? Lakini akapeleka vilevile. Mimi Mize wa Wete, sina cha kutanguliza, ninacho cha kugawana. Ukasomwa. Jibu likaja: kijikatuni cha mtu anacheka mpaka anatoa machozi. Basi, hakuongeza neno.

Wasiwasi ukampeleka kwa wa tatu: Bi Tatu, somo wa hapohapo Wete, aliyekuwa akiwajibu wasichana maswali yao ya ndoa kwa sauti kwenye simu. Wafuasi wake wote wangeenea kwenye harusi moja, na pilau ingebaki. Sina cha kutanguliza, ninacho cha kugawana. Bi Tatu akajibu palepale: "Mwanangu, niletee kopo. Nitajipaka mwenyewe kwanza. Ikiwa mbaya, nitasema mbaya."

Na kama ilivyo kawaida ya dunia, ukikosa unakosa vyote, ukipata vinakuja kwa mkupuo. Jioni ileile Salhina naye akajibu, "Tuma kopo," na Faki akajibu, "Lete, dada, nicheze nalo." Mize akayatuma makopo matatu.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Salhina alilishika kopo karibu na uso wake mzuri, akatabasamu, akasema, "Singo ya Wete hii, mabibi harusi," akaendelea na mambo ya kope. Kufumba na kufumbua. Kopo hata hakulifungua. Kifuniko kilionekana bado kina karatasi yake. Mize aliitazama video ile hata akajua pumzi za Salhina zinapopanda na kushuka. Hakupigiwa simu hata moja.

Faki alijipaka singo mkono mzima, akajifanya anarudi nyumbani, mkewe akamnusa na kumtupia nguo nje: "Nenda huko huko kwa mwari wako!" Halafu Faki barabarani akajikuna, akajikuna, akajikuna mpaka akabingirika. Watu walicheka kisiwa kizima, na ng'ambo wakacheka. Kwa siku kadhaa hakuna aliyemtaja Faki bila kutaja singo. Lakini kule kujikuna! Kukazuka maneno: singo ya Mize inawasha. Wanawake wakarudisha makopo. Bi Raya alilifungua kopo, akanusa, akafunga. Akafungua, akanusa, akafunga. "Nilikosea wapi?" alimuuliza mwanawe. Mize alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji.

Bi Tatu alikuwa amejipaka. Akasema kwa sauti yake nzito, hana haraka: "Mimi nimejipaka, sikuwashwa. Faki anachekesha, ndiyo kazi yake. Lakini mwenye ngozi inayovimba kwa asumini, asinunue, mwari si wa kufanyia majaribio. Pakeni kidogo mkononi, lalieni, asubuhi mtajua." Wako waliojipima na kununua. Wako pia waliosikia "asinunue" wakakomea hapohapo, na Mize aliwahesabu hao kuliko wale.

Ukaingia mwisho wa mwezi wa Mlisho, ule unaotangulia Ramadhani. Hamad alishapima ukuta kwa kamba. Ndipo simu ikalia, namba ya Mombasa.

"Mimi naitwa Swafiya," alisema mwanamke. "Nina saluni za maharusi huku. Singo yako nimeipima, nimeipenda. Nitaichukua yote unayosaga, mwezi kwa mwezi, Mungu akitupa uhai."

Mize akakaa chini. Hata kushukuru akasahau. Akauliza lile alilojiapiza kumuuliza kila mteja: "Bibi, nani kakutuma kwangu?"

Na Bi Swafiya, mtu wa adabu, aliyelelewa kutotaja mwenyeji mmoja akawaacha wengine, akasema, "Mwenyezi Mungu awalipe wote. Nilikuona kwa Salhina, nikalitamani kopo lako, nikasahau. Nikamcheka yule Faki, nikakumbuka, nikakutafuta. Nikasikia inawasha, nikaogopa. Nikamuandikia Bi Tatu, akanijibu, nikaagiza kidogo kwa msafiri, nikajipima, nikapata moyo. Namba yako ni yeye aliyenipa."

Mize akahesabu kwa vidole. Majina matatu, mteja mmoja.

Habari haikai chini ya mkeka. Kabla hajajua aseme nini, wote watatu walikuwa wamezijua habari za Bi Swafiya, kila mmoja amemuandikia Mize, na kila mmoja amembandikia maneno aliyoyaandika Mize mwenyewe: mteja mmoja, mleta mmoja. Bi Swafiya naye akapata kuyasikia. Akapiga tena, sauti imepoa. "Mwanangu, mimi siweki pesa kwenye nyumba ya ugomvi. Nitajie mleta wangu, mmoja, na hao wengine wasikie kwa masikio yao. Ukishindwa, niachie, nitafute kwengine."

Basi siku ya kuangalia mwezi wa Ramadhani, jua linakaribia kuzama, Mize aliisimamisha simu juu ya jiwe la kusagia, nyuso nne zikaonekana ndani yake: Salhina, Faki, Bi Tatu, na Bi Swafiya wa Mombasa anasubiri. Bi Raya alikuwa mkekani. Hamad alikuwa mlangoni, kabati la kwanza begani, haingii wala hatoki.

Salhina akaanza. "Mize, mimi kushika kopo lako kumenigharimu. Kuna wenye mafuta yao walikuwa wakinilipa, wameniona na bidhaa ya mtu mwengine, wamenikata. Wewe hukunipa hata thumni. Na Bi Swafiya amesema mwenyewe: aliiona kwangu. Asingeiona, Faki angemkumbusha nini? Bi Tatu angemuondolea hofu ya kitu gani? Mteja ni wangu."

"Kopo hukulifungua, dada," alisema Faki.

"Wewe ulilifungua ukalivunjia heshima!"

Faki safari hii hakucheka. "Mgala muue na haki yake mpe. Nilijikuna, kweli, nikaharibu, Bi Raya anisamehe. Lakini na mimi yamenifika. Mke wangu mzaha ule kauchoka, wenzake wanamwita mke wa mwari, kahamia kwao na hajarudi. Bibi huyu aliiona kwa Salhina, kisha akafanyaje? Akasahau! Kitu kilichosahauliwa kinauzwa? Mimi ndiye niliyemfanya aitafute. Mteja ni wangu."

Bi Tatu akakohoa kwanza. "Mimi msimu huu wote sijaitwa harusi hata moja. Akina mama wanasema somo anayeongea kwenye simu, hata wanaume wakamsikia, si somo tena. Na niliongea kwa sababu ya kopo hili. Salhina kaonyesha asichokijua. Faki kamrudisha kwa mkono wa kulia, kamfukuza kwa wa kushoto. Nilipompokea mimi, bibi huyu alikuwa anaondoka. Mteja ni wangu."

"Na wangapi umewafukuza wewe na 'asinunue' yako?" aliuliza Salhina.

"Niliowafukuza wangevimba," alisema Bi Tatu. "Ungewapamba wewe?"

Hapo Mize akajaribu pa kutokea. "Je, mkigawana? Fungu moja, vipande vitatu?"

"Siwezi," alisema Salhina. "Uliniandikia mmoja."

"Mmoja," alisema Faki.

"Mwari mmoja, somo mmoja," alisema Bi Tatu. "Maneno yako, mwanangu. Ungetaka tugawane, ungesema tangu mwanzo, tungeamua kukataa au kukubali."

Mize akamgeukia mama yake. Bi Raya alikuwa amechota singo kidogo kwa kile kidole chake kilichokaza, anainusa.

"Kusaga nilikufundisha," alisema Bi Raya. "Hayo ya wafuasi sikukufundisha mimi."

Na Mize alijua jambo jengine: atakayemtaja atafurahi, lakini wawili watakaobaki wana vinywa, na vinywa vyenyewe vinasikika mpaka ng'ambo. Salhina akisema neno moja, maharusi wa Unguja wamekwenda. Faki akijikuna mara moja tu tena, basi. Bi Tatu akinyamaza tu, hapa Wete watauliza kwa nini amenyamaza.

"Mwanangu," alisema Bi Swafiya kutoka Mombasa, "nakusikiliza."

Mize akafungua kinywa.

Nami hapo namuacha na kinywa wazi, maana na mimi sijui. Msiniambie wagawane, hilo limekwisha kukataliwa mbele yenu. Wala msiniambie angefanya hivi, angefanya vile tangu mwanzo. Sote ni hodari wa jana. Bi Swafiya mkono wake uko juu ya simu, Hamad kabati linamuelemea, na huko nje watoto wanapiga kelele kuwa mwezi wameuona. Kuna aliyemuonyesha, kuna aliyemkumbusha, kuna aliyemtoa hofu. Na kila mmoja amepoteza kitu ambacho Mize hawezi kumrudishia.

Haya, jibuni kabla kabati halijapita mlango: mteja ni wa nani?