Barafu Ambayo Rubani Hakuiona

Ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Aprili, saa nane na dakika kumi mchana. Naitaja saa kwa sababu ndani ya ndege ndogo ya wagonjwa alilazwa mama aliyejifungua asubuhi ile, na damu ilikuwa haijakoma. Kichanga chake kilipakatwa na muuguzi. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya mlima.

Rubani, mwanamke, aliingia mbio chumba cha hali ya hewa kutia sahihi ripoti. Utaratibu wa pale ni kwamba rubani husoma tarakimu kwa sauti kwanza. Mtabiri, kijana mpole, akashikilia kalamu.

"Sita, saba, moja sita sifuri, tano. Haya, kalamu!"

"Maana yake, Kapteni?"

"Barafu. Na hapa nje ni nyuzi thelathini na mbili! Kaka, ukiipata niwekee kwenye juisi."

Kijana hakucheka. "Sita ni barafu. Saba ni barafu kali, ya kuganda kwenye bawa hata kifaa chako cha kuiyeyusha kikashindwa. Mia moja sitini ni mamia ya futi: inaanzia futi elfu kumi na sita. Tano: unene wake futi elfu tano. Wewe umeandika utapita elfu kumi na tisa. Katikati yake kabisa."

"Nikishuka chini lazima niuzunguke mlima. Dakika ishirini na tano! Huyu mama anazo?"

"Sijui. Ila kwenye barafu hana hata moja."

Rubani akatia sahihi kwa hasira, akarusha ndege, akapita chini. Alipotua, mama alikuwa bado anapumua, akakimbizwa chumba cha upasuaji. Rubani akapiga simu.

"Wewe! Nimefika, sijaona barafu hata punje. Umenitia roho juu bure!"

"Ulipita wapi, Kapteni?"

"Elfu kumi na mbili, nikauzunguka mlima."

"Sasa ungeionea wapi?"

Rubani akakata simu.

Ndugu zangu, sisi je? Sikilizeni shuhuda zetu za kila Jumapili. Gari lilipinduka mara tatu, nikatoka mzima. Daktari alikata tamaa, nikapona. Ni vema, tushukuru. Lakini ni nani kati yetu amewahi kusimama hapa mbele akashukuru kwa safari ambayo hakuna kilichotokea? Nani amemshukuru Mungu kwa mlango uliofungwa, au mzazi aliyesema "hapana", au mwenzake aliyemchelewesha? Tunarudi nyumbani salama, na kwa kuwa hatukuiona hatari, tunasema haikuwepo. Tena tunamnunia aliyetuepusha nayo! Mimi ni mtu wa kuhesabu mabaya yaliyonipata, na nayajua yote kwa tarehe. Niliyoepushwa siwezi kuyahesabu. Nadhani ndiyo mengi zaidi.

Na rubani? Kesho yake asubuhi, saa moja kasorobo, alikwenda wodini. Akamkuta mama amekalia kitanda, anakunywa uji, na mtoto analia kwa nguvu zake zote. Akampigia simu yule kijana. Hakumsalimu wala hakujieleza. Aliisogeza simu karibu na kinywa cha mtoto, akamwacha alie.